Anashiba na Bado Anakonda: Kisa cha Saidia Fundi Jijini Dodoma

Maelezo yanayoweza kumtambulisha mhusika yameondolewa au kubadilishwa. Vipimo vya uzito ni vya kadi yake ya kliniki, na makadirio ya kalori yametokana na mahojiano ya chakula, kwa hiyo yachukuliwe kama makadirio.

Mhusika

Ni kijana wa miaka 26, saidia fundi, amepanga chumba na mkewe na mtoto wao katika mtaa wa pembezoni mwa jiji. Amekulia kijijini, kwa wazazi wanaolima uwele na karanga. Mjini alifuata kile kilichowaleta vijana wengi tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo: ujenzi. Kazi yake ni kubeba ndoo za zege, kupandisha matofali na kuchota maji, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku tano au sita kwa wiki pale kazi inapokuwepo.

Alifika kliniki mwishoni mwa Novemba, wakati joto la Dodoma liko kileleni na mvua bado inasubiriwa. Uzito ulikuwa kilo 51.5, urefu mita 1.73, na BMI yake, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ikatoka 17.2. Mtu mzima akiwa chini ya 18.5 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Mzingo wa mkono wa juu ulisoma sentimita 23. Kwa maelezo yake, kabla ya kuanza kazi ya saiti, miezi mitano nyuma, alikuwa na kilo 57.

Hakuja kwa sababu anaumwa. "Dokta, pale saiti wananiita Njiti," alisema. (Mimi ni afisa lishe, si daktari, lakini ukishavaa koti jeupe hapa mjini jina hilo halikwepeki.) Mkewe, aliyekuja naye, alionekana kuumia zaidi, kwa sababu mtaani mume akikonda anayenyooshewa kidole ni mke. "Huyu anakula mpaka anashiba. Ugali mkubwa naupika mimi mwenyewe. Mwili wake ndio hautaki."

Alikuwa anasema kweli, na kwenye maneno hayo ndipo kisa kizima kilipolala.

Alichokuwa ameshajaribu

Jaribio la kwanza lilikuwa chipsi mayai na soda, karibu kila jioni ya siku aliyolipwa. Sahani ya namna hiyo ina kalori nyingi, hilo halina ubishi. Ila alikuwa anaila saa kumi na mbili jioni akirudi, akifika nyumbani hana nafasi ya chakula cha usiku, kisha analala na kiungulia. Chakula kimoja kilikuwa kinafuta kingine, na pesa inaondoka. Jioni moja ya chipsi mayai na soda ilimgharimu pesa inayokaribia bei ya kilo ya karanga, na kilo ya karanga ina kalori zaidi ya 5,000.

Jirani akamwambia ale zabibu, maana tuko kwenye mji wa zabibu. Ni tunda zuri, lakini gramu 100 za zabibu mbichi zina kalori 70 tu hivi. Sehemu kubwa ni maji.

Jaribio la tatu ndilo lililotutia hofu. Alinunua vidonge vya "kuongeza mwili": aina moja ikiwa kwenye kifungashio chake, nyingine vidonge vidogo vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi, havina jina. Vile vyenye jina vilikuwa siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huamsha hamu ya kula na pia huleta usingizi. Alitumia kwa vipindi kwa wiki kadhaa, akanenepa uso kidogo, na siku moja akasinzia akiwa juu ya jukwaa la mirunda, ndoo mkononi. Fundi mkuu alimshika mkanda wa suruali. Tangu siku hiyo aliviacha. Vile visivyo na jina hatukuweza kuvitambua, ila dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, huuzwa kwa kazi hiyohiyo. Hizo huvimbisha uso kwa maji na mafuta, hupandisha sukari ya damu, na mtu aliyezitumia kwa muda mrefu hatakiwi kuziacha ghafla bila usimamizi wa daktari.

Kabla ya kuzungumzia chakula

Kijana aliyepoteza zaidi ya kilo tano ndani ya miezi mitano hapewi ratiba ya chakula siku ya kwanza. Alipelekwa kwa daktari, akapimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, VVU kwa ridhaa yake, sukari, wingi wa damu, choo na shinikizo la damu. Daktari pia alizingatia historia ya vile vidonge. Kifua kikuu, VVU na kisukari vilikuwa hasi. Damu ilikuwa chini kidogo ya kiwango, na choo kilionyesha minyoo. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu.

Nayataja haya ya minyoo mapema kwa sababu yatarudi kwenye uchambuzi.

Alikuwa anakula nini hasa

Tulimwomba asimulie siku tatu, mbili za kazi na moja ya kukaa nyumbani, mkewe akirekebisha pale anaposahau. Asubuhi: chai ya rangi yenye sukari ya kutosha na chapati mbili. Saa saba mchana: ugali na maharage kwa mama ntilie, ila anaacha nusu ya sahani. Katikati: soda mbili. Usiku: ugali mkubwa na mlenda.

Jumla ilikuwa kati ya kalori 2,000 na 2,200. Kwa umri wake, mwili wake na kazi ile, tulikadiria anahitaji kama 2,600 siku ya kazi ili uzito usishuke tu, achilia mbali kupanda.

Mambo mawili yalijitokeza. La kwanza ni mlenda. Hakuna Mgogo nitakayemwambia aache mlenda, wala sina sababu; ni mboga ya majani, ina madini, na inashusha ugali vizuri. Lakini nyumbani kwao ulikuwa unapikwa kwa maji, chumvi, magadi na nyanya moja. Mlenda wa namna hiyo hauna kalori za kuzungumzia, na ugali wenyewe ukishaiva karibu theluthi mbili yake ni maji. Kwa hiyo tumbo linajaa kweli, mtu anashiba kweli, na nishati iliyoingia ni ndogo. Mkewe hakuwa akidanganya na mwili wa mumewe haukuwa na kiburi chochote.

La pili ni sahani ya mchana. Alipoulizwa kwa nini anaiacha nusu, alijibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Jua lile, dokta, nani anakula?" Akishuka saa saba anakunywa maji nusu lita au zaidi, soda juu yake, kisha ndipo anaagiza ugali. Joto limeshapunguza hamu, na maji na soda vimeshachukua nafasi.

Uamuzi na sababu zake

Tuliamua kutomwongezea wingi wa chakula. Ugali ulibaki uleule. Kilichoongezwa ni vitu vyenye nishati nyingi katika ujazo mdogo, na vyote viwe vya hapahapa: karanga, mafuta ya alizeti, maziwa, mayai, parachichi likiwepo. Tulilenga kuongeza kama kalori 800 kwa siku, taratibu, tumbo lisije likagoma.

Badiliko kubwa lilikuwa uji wa alfajiri. Saa kumi na moja na nusu Dodoma bado kuna ubaridi, na hamu ya kula ipo. Lakini uji wa kawaida nao ni maji. Ukiongeza unga unakuwa mzito, mtu anachoka kabla ya kumaliza kikombe. Hapo kikaingia kimea. Nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, ina vimeng'enya vinavyokata wanga, na kijiko kimoja kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, dakika chache baadaye uji unalegea kabisa. Unaurudisha jikoni uchemke kidogo, basi. Kikombe kilekile sasa kinabeba unga unaokaribia mara mbili.

Mama mkwe, aliyekuwa mjini kumwona mjukuu, alicheka sana kusikia hayo. "Kumbe kimea cha pombe ndicho mnachokuja kutufundisha?" Kweli, katika nyumba ile hakuna aliyehitaji kuelekezwa namna ya kuotesha nafaka. Tulichosisitiza ni kutumia ulezi badala ya mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi na yasipoondolewa vizuri ni hatari. Pia kimea kikauke juani kwa siku moja au mbili, kisikae na unyevu kikaota ukungu.

Uji ukawa hivi: unga wa ulezi gramu 80 hivi, kikombe kimoja cha maziwa, vijiko vikubwa viwili vya karanga zilizosagwa laini. Unakaribia kalori 600. Chapati ikabaki moja. Chai tukaisogeza mbali na mlo, kwa kuwa inapunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma na damu yake ilikuwa chini. Unga wa ubuyu ulipopatikana aliongeza kijiko kwenye uji ukiwa umepoa, kwa ajili ya vitamini C, ambayo husaidia chuma kuingia.

Mlenda wa usiku ukaungwa kwa karanga za kutwanga, vijiko vikubwa vitatu kwa sahani yake, na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti: kama kalori 260 bila sahani kuongezeka ukubwa. Mama mkwe alisema kwao mlenda hupikwa hivyo tangu zamani, karanga zikiwepo; ni huku mjini ndipo zimekuwa za kupimwa kwa kikombe.

Saa nne asubuhi tulimpangia karanga za kukaanga kiganja kimoja na ndizi mbili, na soda ishuke hadi moja kwa siku.

Kuhusu karanga tulichukua muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Katika mkoa huu huwezi kumwambia mtu ale karanga kila siku bila kuzungumzia sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na takriban 20 walifariki. Karanga nazo hushambuliwa na ukungu uleule. Moto wa kupikia hauiondoi sumu. Mkewe alikuwa ananunua karanga zilizokwisha kusagwa sokoni kwa kuwa ni rahisi, na hizo huwezi kujua zilitokana na nini. Tulikubaliana anunue nzima, azimwage kwenye ungo, atupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu, kisha atwange mwenyewe za siku tatu nne. Siku ya kliniki alikuja na kifuko cha alizotupa atuonyeshe. Zilikuwa nyingi, karibu konzi mbili kutoka kilo moja, na zilimuuma: "Hizi zote nilizilipia."

Wiki sita za mwanzo

Wiki ya pili uzito ulikuwa kilo 51.9, wiki ya nne 52.3. Tumbo lilijaa gesi siku za mwanzo. Tukapunguza karanga kwenye uji hadi kijiko kimoja kwa wiki moja, kisha zikarudi. Wiki ya sita akashuka hadi 51.8.

Tulipouliza, ya nyumbani yote yalikuwa yanafanyika. Kilichokufa ni kile kitafunwa cha saa nne. Kwanza, saa nne ndiyo saa ya zege, na mashine ikishawashwa hakuna anayekaa. Pili, hata siku aliyopata dakika tano, hakula peke yake. Mtu anafungua mfuko wa karanga mbele ya wenzake saba, wote wana njaa, anakula kimyakimya? Haiwezekani. Mfuko ulizunguka, kila mmoja akachota, naye akabaki na karanga kama kumi na ndizi nusu. Wakati huohuo alikuwa ameshapunguza soda, kwa hiyo siku za zege, katika saa za kazi, alikuwa anapata pungufu ya alivyokuwa akipata zamani.

Marekebisho

Tuliuondoa mlo wa saa nne kabisa. Kalori zake zilihamishwa kwenye mahali pawili.

Kwanza ni kwa mama ntilie. Kijana alizungumza naye, akaomba kulipa kwa wiki badala ya kwa siku, na kwa pesa hiyo awekewe wali au ugali wa kawaida, maharage yaliyoungwa, yai la kuchemsha, na parachichi siku yanapopatikana. Mama yule aliongeza la kwake, ambalo sisi hatukulifikiria: "Mwanangu, wewe usile saa saba na hawa. Njoo saa nane na nusu, nakufunikia." Alikuwa amemwona miezi yote akiacha sahani, na alishajua kwamba akikaa kivulini kwanza anakula. Msimamizi wa saiti alikubali mapumziko yake yasogee, mradi aendelee na kazi wakati wenzake wanapumzika. Maji anakunywa asubuhi yote kidogokidogo, hayapunguzwi katika joto lile, ila si nusu lita kwa mpigo mlangoni mwa chakula.

Pili ni usiku. Glasi ya maziwa au mtindi saa moja hivi kabla ya kulala. Mtindi aliupenda zaidi.

Siku za kukosa kazi zilipangwa pia, kwa sababu siku hizo ndizo alizokuwa anaruka mlo wa mchana kwa kuona "sijafanya chochote". Uji ubaki, mlenda wa karanga ubaki, maziwa yakikosekana kwa ajili ya pesa aongeze kijiko cha karanga.

Matokeo

Wiki ya kumi kilo 53.6. Wiki ya kumi na tano, katikati ya Machi, kilo 55.6, BMI 18.6, mzingo wa mkono sentimita 24.5. Wingi wa damu ulikuwa umerudi kwenye kiwango. Shinikizo la damu na sukari vilibaki kawaida. Kiungulia kimeisha tangu chipsi za jioni zilipogeuka kuwa za Jumamosi tu.

Hajafika kilo 57 za awali. Jina la Njiti bado analo. Majina ya saiti hayafuati mizani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuongeza nishati ndani ya chakula ambacho tayari kilikuwa kinapikwa na kuliwa. Uji na mlenda havikumtaka kijana akumbuke lolote wala abebe chochote. Vilipita mikononi mwa mkewe, ambaye alikuwa na sababu zake za kutaka mume anenepe. Laiti tungemwelekeza mteja peke yake, na mke akabaki nje kwenye benchi, nina shaka kama uji ungefika wiki ya tatu.

Mlo wa saa nne ulishindwa kwa sababu ulipangwa kwa mtu anayekula peke yake mezani. Vitabu vya lishe hupenda milo midogo sita kwa anayetaka kuongeza uzito, na kwa mtu wa ofisini inawezekana. Kwenye kazi ya mikono ya pamoja, chakula kinachoonekana ni cha wote. Anayetaka kupanga kitafunwa cha saiti apange cha watu wanane au asipange.

Mama ntilie alitatua tatizo la joto kwa kusogeza saa, tatizo ambalo sisi tulikuwa tunalishughulikia kwa kubadilisha sahani. Sasa mteja anayekula nje tunamuuliza analishwa na nani, na ikiwezekana huyo naye tunazungumza naye.

Lazima isemwe pia kwamba si kila kilo hapa ni ya chakula. Minyoo ilitibiwa mwanzoni. Mvua zilianza Desemba, joto likapungua, na saiti ilisimama siku kadhaa kwa ajili ya matope. Hamu ilirudi na kazi ikapungua kwa wakati mmoja. Hatuwezi kutenganisha haya na uji. Kinachotupa imani kidogo ni kwamba minyoo ilitibiwa kabla ya wiki ya kwanza, na bado uzito ulishuka wiki ya sita karanga za saa nne zilipopotea.

Gharama haikuwa ndogo kama tulivyotarajia. Karanga na mafuta ya alizeti vilifidiwa na soda na chipsi zilizoachwa. Maziwa hayakufidiwa na chochote, na ndiyo yaliyokatika mara nyingi zaidi. Kwa mteja mwenye kipato cha siku kwa siku, ningeanza na karanga na alizeti, kisha maziwa yaje kama nyongeza.

Kwa sasa anapimwa mara moja kwa mwezi. Mtihani utakuwa Oktoba na Novemba, joto likirudi na saiti zikiwa zimepamba moto. Mkewe ameshaagiza karanga kwa wakwe zake za mavuno ya mwaka huu, na tumemwomba awaambie mapema: zianikwe juu ya turubai, si ardhini, zikauke mpaka zikitikiswa ndani ya maganda zisikike, na zije na maganda yake.